Nyuma ya mlango uliofungwa: mwongozo kamili wa usalama na usimamizi wa matunzo ya nyumbani

Wodini kuna macho mengi. Muuguzi akikosea dozi, mwenzake wa zamu inayofuata ataiona kwenye chati, daktari atauliza asubuhi, na mgonjwa wa kitanda cha pili naye alikuwa akitazama. Nyumbani mhudumu yuko peke yake na mtu mmoja, pengine asiyeweza hata kusema kilichompata. Ndiyo maana kila anayetaka kuanzisha huduma hii, mimi humuuliza swali moja kabla ya mengine yote: kosa likitokea leo saa nane mchana kwa mteja wako wa tatu, nani atalijua, na atalijua lini? Akijibu kwamba mhudumu atampigia simu, najua bado anategemea bahati.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa huduma ndogo, lakini familia iliyoajiri mhudumu mmoja inaweza kuufuata karibu wote. Pale ambapo sheria ya nchi inasema jambo kuhusu usajili, leseni, au nani anaruhusiwa kuchoma sindano, sheria hiyo itangulie.

Hatua ya 1: Ione nyumba kabla ya kukubali kazi

Usimpokee mteja kwa simu. Nenda ukamwone, na kama anatoka hospitali, fika nyumbani kabla hajaruhusiwa, maana akishalazwa kitandani kwake hakuna tena atakayekusikiliza habari za kuhamisha kabati.

Kwa upande wa mtu, anza na anachoweza kufanya, ndipo uje kwenye anachougua. Anaamkaje kitandani? Anafikaje chooni, na usiku je? Anameza bila kupaliwa? Amewahi kuanguka miezi ya karibuni? Ana mzio wa dawa gani? Dawa zenyewe zione kwa macho: zilizo kwenye droo, kwenye mkoba, chini ya mto. Usiridhike na orodha aliyoiandika mwanawe. Si ajabu kukuta dawa ile ile kwa majina mawili ya kibiashara, kila moja imeandikwa na daktari wake, na mzee anameza zote mbili kwa utiifu kabisa. Orodha kamili ipelekwe kwa mfamasia au daktari kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Kwa upande wa nyumba, tembea njia ya mteja, kutoka kitandani hadi chooni, taa zikiwa zimezimwa kama zinavyokuwa saa tisa usiku. Utagundua zulia lisiloshika sakafu, waya unaokatiza njia, kizingiti kilichoinuka, choo kisicho na pa kushika. Fungua bomba la maji ya moto, kwa kuwa maji ya nyuzi 60 yanaunguza ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Kama kuna mtungi wa oksijeni, uliza nani anavuta sigara na jiko liko wapi. Uliza pia kuhusu mbwa, na kama simu inashika mtandao chumbani kwa mgonjwa.

Kila hatari iandikwe pamoja na atakayeiondoa na tarehe. Lakini zipo ambazo mteja atakataa ziondolewe. "Zulia hili alilinunua marehemu mke wangu, halitoki." Hapa kuwa mpole, umo nyumbani kwa mtu. Tafuta njia ya kati: libandikwe chini kingo zote, au lihamie mahali asipopita. Akikataa hata hilo, na akili zake ni timamu, ana haki ya kuchagua kuishi na hatari inayomhusu yeye mwenyewe, na wewe unaandika kwamba ameelezwa na amechagua. Hatari inayomwangukia mhudumu ni jambo jingine. Mteja mzito anayedai ainuliwe kwa mikono kwa sababu hapendi kifaa cha kuinulia, anatoa kafara mgongo usio wake. Hapo jibu ni hapana, na ni heri kupoteza mteja.

Hatua ya 2: Andika mpango wa matunzo unaosomeka

Mipango mingi niliyoisoma imejaa sentensi kama "asaidiwe kuoga". Mhudumu mgeni akiingia leo hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Linganisha na haya: "Anaoga akiwa ameketi kwenye kiti cha bafuni. Uso na kifua anajiosha mwenyewe. Mhudumu anamwosha mgongo na miguu, anakagua visigino. Asiachwe peke yake bafuni." Kipimo changu ni hiki: je, mtu asiyewahi kumwona mteja anaweza kumhudumia vizuri kwa kusoma karatasi hii kwa dakika tano?

Ukurasa wa kwanza uwe wa dharura: mzio, magonjwa makuu, simu za ndugu wawili, simu ya daktari, na matakwa ya mteja kuhusu matibabu endapo hali itakuwa mbaya, kama aliyatoa rasmi. Halafu andika wazi ambayo mhudumu *hafanyi*. Hatoi dawa isiyo kwenye orodha. Hachomi sindano ambayo hakufundishwa. Hashiki kadi ya benki. Mpango upitiwe upya kila baada ya miezi mitatu, na bila kungoja ratiba kila mteja anapoanguka, anapotoka hospitali au anapoandikiwa dawa mpya.

Hatua ya 3: Chagua wahudumu, kisha uwalinde

Wadhamini wapigiwe simu. Barua za sifa njema kila mtu anazo. Kitambulisho kihakikiwe, na rekodi ya makosa ya jinai iangaliwe pale sheria inaporuhusu. Cheti kinakuonyesha kwamba mtu alihudhuria mafunzo, ila kazi utaijua ukimwona akimgeuza mtu kitandani. Kwa hiyo siku za mwanzo atembee na mzoefu, na kila kazi ya hatari ioneshwe mbele ya msimamizi kabla hajaachwa peke yake.

Kulinda wahudumu ni sehemu ya usalama wa mteja. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, unataka mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Nimeona ratiba zinazompa mhudumu anayelala nyumbani kwa mteja siku kumi na nne za kazi bila pumziko, halafu watu wanashangaa dozi zinarukwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida watu wazima huipata kwa dozi tatu, ikamilishwe kwa kila anayegusa damu na majimaji ya mwili.

Hatua ya 4: Mikono, glavu na taka

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kwa sabuni na maji, zoezi zima ni sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono chenye kileo, ni sekunde 20 hadi 30. Mimi huongeza wakati wa sita, wa simu. Mhudumu ananawa vizuri, anavaa glavu, simu inaita, anaichomoa mfukoni kwa glavu zile zile, anarudi kwenye kidonda.

Glavu ni za kazi moja. Zikivuliwa, mikono inanawishwa tena.

Damu ikimwagika, futa kwanza kwa karatasi au kitambaa cha kutupwa, kisha mwagia maji ya klorini ya asilimia 0.5 na uyaache dakika 10. Kama dawa ya dukani ina klorini asilimia 5, kipimo ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, ichanganywe upya kila siku. Isichanganywe kamwe na tindikali, siki wala dawa yenye amonia. Hewa inayotoka inaweza kuua katika bafu dogo.

Sindano iliyotumika haivalishwi tena kifuniko chake. Inaingia moja kwa moja kwenye kopo gumu lenye mfuniko, na kopo likijaa robo tatu linafungwa na kupelekwa kituo cha afya. Mhudumu akijichoma, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, na aende kituoni saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Hatua ya 5: Dawa

Nitakaa hapa zaidi kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliposhikwa na aibu yangu kubwa. Mhudumu wetu alimpa mzee kidonge cha shinikizo la damu saa mbili asubuhi. Alipanga kutia sahihi baadaye, akishamaliza kufua. Binti wa mzee akapita, akaona nafasi ya sahihi iko wazi, akampa kingine. Kufika saa nne mzee anasimama, macho yanampotea, anaketi sakafuni. Alipona bila madhara. Hakuna aliyefanya uzembe mkubwa siku ile, kila mmoja alikuwa na nia njema, na mimi ndiye niliyekuwa sijaandika popote kwamba ndugu nao watie sahihi kwenye karatasi ile ile.

Kwanza tenganisha mambo matatu: kumkumbusha mteja anayejua dawa zake, kumsaidia mteja anayejua lakini mikono haifungui chupa, na kumpa dawa mteja asiyeweza kujisimamia. La tatu linataka mhudumu aliyefundishwa na kupimwa. Kisha utaratibu wenyewe uwe huu:

1. Nawa mikono, fungua karatasi ya dawa, angalia kama dozi ya saa hii imeshatiwa sahihi.
2. Soma lebo ya dawa na uilinganishe na karatasi: mtu sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, saa sahihi, njia sahihi.
3. Mpe mteja akiwa ameketi wima, na umwone akimeza.
4. Tia sahihi papo hapo, kabla hujainuka. Usitie sahihi kabla ya kumeza, wala usiahirishe.
5. Akikataa, andika "amekataa" na sababu aliyoitoa, kisha mjulishe msimamizi. Dawa haifichwi ndani ya chakula kwa uamuzi wa mhudumu.

Vidonge visisagwe bila kumuuliza mfamasia. Vingine vimetengenezwa vitoe dawa polepole mchana kutwa, na ukivisaga, dozi yote inaingia mara moja. Parasetamoli ina kikomo cha gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima, na chini ya hapo kwa walio wembamba sana au wenye ini bovu. Kumbuka kwamba imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka ikaonekana salama.

Mwenye kisukari akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuongea visivyoeleweka, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 mmol/L na anameza vizuri, apewe gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu hapewi chochote mdomoni, na gari la wagonjwa liitwe mara moja.

Hatua ya 6: Kuinua, kugeuza, kulisha

Hakuna kumwinua mtu kwa kumshika makwapani. Bega la mzee aliyepata kiharusi linateguka kirahisi, na mgongo wa mhudumu hauna vipuri. Kitanda kipandishwe hadi usawa wa kiuno cha mhudumu ikiwezekana, breki za kiti cha magurudumu zifungwe, na shuka ya kutelezesha itumike kumsogeza. Kwa aliyepooza upande mmoja, kiti kiwekwe upande wenye nguvu, na mhudumu asimame upande dhaifu anapomtembeza.

Kabla ya kusimama, mteja akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili. Akianza kuanguka, usijaribu kumzuia hewani, msindikize chini taratibu huku ukilinda kichwa. Akishaanguka, usikimbilie kumnyanyua. Uliza, tazama, gusa: maumivu ya nyonga, mguu uliogeuka au kuwa mfupi, kichwa kilichogonga. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na amegonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anacheka.

Vidonda vya kulalia vinaanza kimya kimya. Kwa asiyeweza kujigeuza, anza na ratiba ya kumgeuza kila saa mbili, kisha muuguzi airekebishe kwa kuangalia ngozi. Alale ubavu kwa mwinamo wa takriban nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni, na visigino vielee hewani kwa kuweka mto chini ya mashavu ya miguu. Kila siku kagua makalio, nyonga, visigino, viwiko, na kisogo. Vitabu vinasema tafuta wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usiuone kabisa, hivyo tumia mkono. Sehemu yenye joto, ngumu au laini kuliko ngozi ya jirani, au inayouma, ndiyo dalili. Usiisugue, maana kusugua kunazidisha uharibifu.

Chakula kiliwe mtu akiwa wima, na abaki hivyo dakika 30 baada ya kula. Kukohoa kila anapokunywa maji, au sauti kuwa ya majimaji, ni sababu ya kumwona mtaalamu wa kumeza. Akipaliwa na asiweze kukohoa wala kusema, mpige mapigo matano mgongoni kati ya mabega, kisha misukumo mitano tumboni juu ya kitovu, ukirudia mpaka kitu kitoke. Akizimia, mlaze chini, ita msaada na uanze kukandamiza kifua.

Hatua ya 7: Usalama wa anayefanya kazi peke yake

Mhudumu atume ujumbe akiingia na akitoka. Amua mapema: akichelewa dakika ngapi, nani anampigia, na asipopokea, nani anakwenda. Kama hakuna mtu aliyepewa jukumu la kuzisoma, jumbe hizo hazimlindi yeyote. Mpeni pia maneno ya siri yanayosikika kama mazungumzo ya kawaida ("nimesahau lile daftari la kijani"), yenye maana ya kwamba niko hatarini.

Ana ruhusa ya kuondoka anapotishiwa au kushikwashikwa, na hakatwi mshahara kwa hilo. Mkataba Na. 190 wa ILO wa mwaka 2019 unahusu hasa ukatili na unyanyasaji kazini, na nyumba ya mteja ni mahali pa kazi.

Hatua ya 8: Fedha, funguo na siri

Manunuzi yote yawe na risiti, na daftari la fedha litiwe sahihi mbili. Funguo ziandikwe namba, zisiandikwe anwani. Zawadi ndogo itajwe kwa msimamizi, na mkopo au kutajwa kwenye wosia kukataliwe kabisa. Picha za mteja hazipelekwi kwenye makundi ya simu, hata kama ni ya kumpongeza siku ya kuzaliwa.

Mhudumu afundishwe pia kutambua unyanyasaji unaotoka kwa familia: michubuko yenye maelezo yanayobadilika, hofu mtu fulani aingiapo, pensheni inayopotea. Kazi yake ni kuandika alichokiona na kusikia, na kukiripoti siku hiyo hiyo. Asichunguze mwenyewe, na asimwahidi mteja kuwa itabaki siri.

Hatua ya 9: Daftari, makosa na ukaguzi

Sasa tunarudi kwenye swali la mwanzo. Atakayejua ni daftari, na yule anayelisoma. Kila zamu iandike alichokula na kunywa mteja, choo, ngozi, hali yake, na lolote lililobadilika, pamoja na saa. "Ameshinda vizuri" si taarifa. Zamu zikabidhiane ana kwa ana mbele ya mteja inapowezekana, maana mara nyingi yeye ndiye anayesahihisha. Na kwa dalili za kiharusi, yaani uso kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama, hospitali itauliza jambo moja ambalo daftari pekee linaweza kujibu: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?

Tukio likitokea, mteja awe salama kwanza, familia iambiwe ukweli, kisha mambo yaandikwe ndani ya saa 24 yalivyotokea, bila kubahatisha. Ripoti pia yale yaliyokaribia kutokea: kidonge kilichoshikwa mkononi kabla ya kugundulika si chake. Ukimfukuza wa kwanza aliyekiri, hutasikia la pili. Tafuta kilichofanya kosa liwezekane, kama vile chupa mbili zinazofanana, ratiba iliyobana, au fomu mbovu kama ile yangu.

Kila mwezi hesabu walioanguka, ziara zilizokosekana au kuchelewa, makosa ya dawa, na vidonda vipya, ukilinganisha na idadi ya ziara. Kiwango cha ISO 45001 cha mwaka 2018, kuhusu usalama na afya kazini, kinajengwa juu ya mzunguko huo huo: panga, tekeleza, kagua, rekebisha. Huhitaji cheti chake ili kuufuata. Mwezi ukiisha na nyumba ishirini hazina tukio hata moja, usisherehekee. Nenda kwa kushtukiza kwenye nyumba tatu, ufungue madaftari, uhesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti. Hesabu ya vidonge huwa haidanganyi.

Hatua ya 10: Kufunga huduma

Mteja akihamia kwingine au akifariki, dawa zilizobaki zirudishwe duka la dawa au kituo cha afya, funguo zikabidhiwe kwa sahihi, hesabu za fedha zifungwe mbele ya familia, na daftari lichukuliwe likahifadhiwe kwa muda unaotakiwa na sheria.

Na mhudumu aliyemwosha mtu huyo kila asubuhi kwa miaka miwili apewe ruhusa ya kwenda kumzika. Asipangiwe mteja mpya kesho yake.